Kitambaa Kilichotoka Cheupe

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA SAGEHEN, MONTANA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Maren Haugdahl
Umri: Miaka 15
Kazi: Mwanafunzi, mwaka wa pili wa sekondari
Makazi: Barabara ya Kinu, nyumba ya pili kutoka ghala la ngano, mjini Dunmore
Anayeandika: Naibu Sherifu Darlene Kittredge
Aliyehudhuria: Dagny Haugdahl, mama mzazi wa shahidi

Leo Jumanne, tarehe 17 Septemba 2019, saa kumi na dakika ishirini jioni, naahidi kueleza yote niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaruka. Afande Kittredge ameniambia kwamba sikuitwa hapa kama mshitakiwa na kwamba naweza kwenda nyumbani wakati wowote. Nimemjibu kwamba sikuitwa kabisa, nimekuja mwenyewe kwa baiskeli, na mama akanifuata na gari alipotoka kazini. Nimeomba yaandikwe kama ninavyosema, hata nikirefusha, kwa sababu nadhani jibu limo kwenye vitu vidogo.

Mambo ninayoeleza yanahusu jeraha la mkono wa kushoto wa Bwana Lowell Pruitt, ambaye sisi sote tunamwita Mzee Lowell. Ana umri wa miaka 71 na alikuwa mfunga breki wa treni za mizigo mpaka alipostaafu. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akifundisha wanaoanza katika klabu ya shabaha ya Dunmore. Katika klabu hiyo watu huvaa nguo za zamani za wachunga ng'ombe, hutumia bunduki za sura ya zamani, na kila mmoja huwa na jina la klabu ambalo mtu mwingine hana. Jina lake yeye ni Saa Mbovu, kwa kuwa katika mashindano yote humaliza wa mwisho na hajali. Mimi sina jina bado. Jina hupewa mtu akishamaliza mashindano yake ya kwanza yote, mwanzo hadi mwisho.

Bunduki iliyohusika ni yangu. Ilikuwa ya babu yangu, Halvor Haugdahl, aliyefariki mwezi Februari mwaka huu. Si ya kale kweli. Ni nakala mpya ya bunduki ya mwaka 1860, imetengenezwa Italia, mwili wake ni wa shaba inayong'aa, na chini ya kifyatulio kuna wenzo unaoushusha na kuupandisha kila unapotaka kuingiza risasi nyingine. Babu aliinunua miaka mitatu kabla ya kufa na hakuwahi kuipiga hata mara moja. Alisema tutaanza pamoja nikifika miaka kumi na tano. Nilifika miaka kumi na tano tarehe 1 Juni. Siku hiyo mama alitoa sanduku chini ya kitanda cha babu, na bunduki ilikuwa bado imezungushiwa karatasi ya mafuta kama ilivyotoka kiwandani.

Kabla sijaigusa mama aliandika karatasi. Iliandikwa hivi: "Maren anaweza kujifunza bunduki ya babu yake chini ya Lowell Pruitt. Ajali ya kwanza ndiyo ya mwisho. Ikitokea, bunduki inauzwa." Nilitia sahihi mimi, akatia mama, na Mzee Lowell akatia kama shahidi. Mama akaibandika kwenye mlango wa friji. Naomba karatasi hiyo ikumbukwe, kwa sababu nadhani ndiyo iliyosababisha Mzee Lowell kusema alichosema.

Jumamosi ya tarehe 8 Juni, saa tatu asubuhi, nilianza masomo. Kwa Jumamosi tano sikupiga risasi hata moja. Mzee Lowell alinipa risasi kumi alizozichonga mwenyewe kwa mbao, akaniambia nijifunze nazo mpaka nizichoke. Tulianza na sheria ya kuangalia: bunduki haihesabiwi kuwa tupu mpaka watu wawili wameitazama ndani, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja amesema kwa sauti, "Tupu."

Nilikuwa na maswali mengi. Mwisho wa Jumamosi ya kwanza alivua kofia akakuna kichwa.

"Binti, nimefundisha watu mia mbili na zaidi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini springi husukuma."

"Kwa nini husukuma?"

"Hilo ni la ishirini na sita. Kuanzia wiki ijayo, maswali ishirini kwa Jumamosi. La ishirini na moja unalala nalo."

Alikuwa akiyahesabu kweli. Alichora mistari kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda.

Afande ameniomba nieleze jinsi bunduki hii inavyojazwa, kwa kuwa yeye anajua za kazini tu. Chini ya mtutu kuna bomba refu, na bomba lina mwanya kuanzia juu hadi chini. Ndani mna springi na kipande cha chuma kinachosukuma risasi. Sisi tunakiita kisukumio. Kina kisikio kidogo kinachotokeza nje kwenye mwanya. Unakipandisha kwa kidole gumba mpaka karibu na mdomo wa bunduki, unazungusha kipande cha mwisho cha bomba, na tundu linafunguka. Unaingiza risasi moja moja kwa kuzitelezesha, matako yakitangulia. Kisha unafunga, na unakishusha kisukumio taratibu mpaka kiguse risasi ya mwisho. Hapo kidole gumba ndicho breki. Ukikiachia kinakwenda chini kwa nguvu yote ya springi.

Mzee Lowell alinieleza kwa nini hilo ni jambo kubwa. Risasi humo ndani zimepangana kama watu kwenye foleni, pua ya mmoja imegusa mgongo wa mwenzake, na katikati ya mgongo wa kila risasi kuna kiwashio, kidonge kidogo kinachoshika moto kikigongwa. Ndiyo maana tunatumia risasi za pua bapa tu. Ndiyo maana pia tunaiinamisha bunduki juu ya meza wakati wa kujaza, wala hatuisimamishi wima, ili risasi ziteleze zisidondoke.

"Kwa hiyo inaweza kulipuka bila mtu kugusa kifyatulio?" nilimwuliza.

"Nimeona mara moja, mwaka themanini na nane. Sitaki kuona ya pili."

"Risasi ilikwenda wapi?"

"Haikwenda mbali. Mtutu haukuhusika hata kidogo. Bomba lilipasuka na maganda yakaruka."

Hilo lilikuwa swali langu la kumi na nne siku ya tarehe 22 Juni. Naweza kuthibitisha kwa daftari langu.

Nilipiga risasi za kweli kwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 13 Julai, saa nne asubuhi. Sahani za chuma ziko umbali wa hatua ishirini na tano. Ya kwanza niliipiga, na sauti ya chuma ilirudi kabla sijajua kama nimefyatua. Ya pili na ya tatu pia. Ya nne bunduki ilikataa. Nilishusha wenzo, nikapandisha, nikafyatua, pakasikika tak tu. Watu wote waliokaa kwenye benchi wakacheka kwa pamoja kama waliokuwa wakingoja.

Bi Bernadine Yost, ambaye ni karani wa posta na jina lake la klabu ni Dhoruba, akasema, "Haya, mtoto ameibana. Toa mkono wako, mwanangu, unaikaba koo."

Ilikuwa kweli. Kadiri unavyopiga, kisukumio kinarudi nyuma kikizifuata risasi, na kisikio chake kinateremka kwenye mwanya mpaka kinafika pale mkono wa kushoto unaposhika. Kikigota mkono, risasi haziji tena. Kila anayeanza na bunduki hii hufanya kosa hilo, na hakuna anayeonywa. Nilimwuliza Mzee Lowell kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia ungesahau. Sasa utasahau?"

Dawa yake ni kijiti. Unakata mti wa duara wa unene wa risasi, urefu wa shubiri moja, unautia kwenye bomba juu ya risasi ya mwisho. Kisukumio kinakaa juu ya kijiti, kwa hiyo kisikio hakifiki mkononi. Tena kijiti kinajaza nafasi iliyobaki, kwa hiyo hata kidole kikiteleza, kisukumio hakina umbali wa kuanguka. Nilikata changu kutoka mpini wa ufagio, katika karakana ya shule, nikakipiga msasa na kukipaka nta. Nimekileta. Kiko mbele ya afande.

Sasa naeleza Jumamosi iliyopita.

Ijumaa tarehe 13 Septemba, saa kumi jioni, nilisafisha bunduki mezani jikoni kwa sababu kesho yake yalikuwa mashindano yangu ya kwanza. Nilipitisha vitambaa mtutuni kwa ufito mpaka kimoja kikatoka cheupe, nikapitisha kingine, nacho kikatoka cheupe. Kisha nikapaka mafuta. Nikiulizwa niliweka mafuta kiasi gani, najibu kwamba niliweka mengi mno. Nilitaka ing'ae. Niliyapaka hata kwenye kisikio cha kisukumio, ambapo hapatakiwi mafuta.

Jumamosi tarehe 14 Septemba nilifika uwanjani saa mbili asubuhi. Bi Bernadine alikuwa ameleta sufuria ya maharage na mikate ya moto. Alinitazama nilivyovaa sketi ndefu ya bibi na kofia, akasema, "Umependeza. Na kile kijiti chako cha ufagio umekuja nacho?"

Nikasema ndiyo.

"Ukimaliza kupiga utufagilie kibanda."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Si utani mbaya, kila mtu hutaniwa pale. Lakini niliona wakubwa wenye bunduki kama yangu hawana vijiti, wana namna yao ya kushika. Nami niliwaza kwamba siku hiyo ndiyo ningepewa jina, na sikutaka liwe Ufagio. Nilikitia kijiti kwenye mfuko wa sketi na sikukitoa. Hilo ndilo la kwanza kati ya yale niliyotaka kuyaruka.

Saa tatu na dakika arobaini niliitwa kwenye meza ya kujazia. Msimamizi wa meza alikuwa Mzee Lowell. Bi Bernadine alikuwa hatua kama kumi kutoka kwetu, ametupa mgongo, anasoma majina. Wengine wote walikuwa wakimtazama mpigaji aliyekuwa uwanjani. Mezani tulikuwa wawili tu.

Meza ilikuwa imejaa masanduku ya watu na haikuwa na nafasi ya kuinamisha bunduki ndefu. Nilipaswa kuomba masanduku yaondolewe. Badala yake niliisimamisha wima, kitako chini. Bunduki ina uzito wa zaidi ya kilo nne, ikayumba. Mzee Lowell akanyoosha mkono wa kushoto akaishika kwenye bomba, juu kidogo ya katikati, akasema, "Iinamishe, binti."

Nikasema, "Namaliza, mzee."

Nilikuwa nimeshaingiza risasi kumi. Nilifunga tundu. Nilianza kukishusha kisukumio, na kidole gumba kikateleza kwenye mafuta.

Pakasikika mlio. Haukuwa kama mlio wa bunduki, ulikuwa mkavu na mfupi zaidi. Moshi ulitoka kwenye mwanya wa bomba, ubavuni, na si kwenye mdomo wa mtutu. Nilimwona Mzee Lowell akitazama kiganja chake. Kisha nikaona damu.

Nikiulizwa mkono wake wa kulia ulikuwa wapi, najibu kwamba ulikuwa umeshika kikombe cha kahawa. Ni kikombe cha bati cha rangi ya bluu, kina sehemu iliyobanduka rangi karibu na mshikio. Nakumbuka kwa sababu hakikumwagika. Baada ya mlio alikiweka mezani polepole, kati ya masanduku mawili, kama mtu anayeogopa kuchafua karatasi za wenzake. Ndipo akauchukua mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia na kuukandamiza.

Bi Bernadine alifika akikimbia. "Nini? Nani?"

Mzee Lowell akasema, kwa sauti ya wote kusikia, "Ni mimi. Niliishika vibaya nikagusa kifyatulio. Msichana hana kosa."

Nilifungua mdomo. Akanitazama, akasema, "Maren, nenda kaiangalie kama ni tupu. Watu wawili."

Nilikwenda kuiangalia. Mimi na Bi Bernadine tulitoa risasi tisa nzima kutoka kwenye bomba, na vipande vya ganda la ile ya kumi. Chumba cha risasi nyuma ya mtutu kilikuwa kitupu. Nilisema, "Tupu." Bi Bernadine naye akatazama na kusema, "Tupu." Sidhani kama alifikiria maana yake. Hata mimi wakati huo sikufikiria.

Bi Bernadine alimpeleka hospitali kwa gari lake. Mama alikuwa zamu, kwa kuwa ni muuguzi hapo, na ndiye aliyemsafisha kidonda. Hospitali ikatoa taarifa hapa, kama inavyofanya kwa kila jeraha la bunduki, na Mzee Lowell akamweleza afande kwa simu maneno yale yale, kwamba aligusa kifyatulio.

Mimi nilirudishwa nyumbani saa sita mchana. Nilifundishwa kwamba bunduki iliyokwenda uwanjani haiwekwi mpaka imesafishwa, hata kama umechoka, hata kama umelia. Kwa hiyo niliiweka mezani. Nilichukua ufito, nikatia kitambaa kipya, nikakipitisha kwenye mtutu kutoka nyuma hadi mbele.

Kilitoka cheupe. Kilikuwa na mafuta yangu ya Ijumaa, basi. Hakikuwa na weusi hata wa ncha ya penseli. Nilikigeuza upande wa pili, nao ni mweupe.

Nilikaa nacho mezani muda mrefu. Kama Mzee Lowell angegusa kifyatulio na risasi ikatoka, ingepita mtutuni, na mtutu ungekuwa mweusi wa baruti. Hata risasi moja huacha masizi. Halafu nikakumbuka chumba kilikuwa kitupu, hakikuwa na hata ganda. Halafu nikakumbuka kikombe. Sikupitisha kitambaa kingine. Nilikitia hiki kwenye bahasha nikaandika tarehe na saa: 14 Septemba, saa saba kasoro dakika tano mchana.

Jumapili tarehe 15, saa nane mchana, nilikwenda kwa Mzee Lowell. Nilimkuta barazani akijaribu kufungua kopo la mapichi kwa mkono mmoja. Nikalichukua nikalifungua.

"Mzee, Jumamosi mkono wako wa kulia ulikuwa na kikombe."

"Kikombe gani?"

"Cha bluu. Cha bati."

"Ninavyo vinne vya namna hiyo."

"Mtutu ulikuwa safi. Nilipitisha kitambaa."

Alikula pichi moja. Kisha akasema, "Maswali ya leo yamekwisha."

"Sijauliza hata moja."

"Basi leo ni sifuri." Akanisukumia kopo. "Kula. Sikiliza, binti. Mimi ni mzee, nimefundisha vya kutosha. Wewe una bunduki ya Halvor na una karatasi kwenye friji. Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu nikirudi nyumbani. Klabu ina sheria kwamba mwalimu akifyatua kwa bahati mbaya mahali pa kujazia hafundishi wanaoanza tena kamwe. Kamati itakutana Ijumaa hii tarehe 20 kuliamua jambo lake. Lakini kidole kikimteleza mwanafunzi wakati wa kujaza, hiyo ni ajali ya mwanafunzi, na mwanafunzi anarudishwa kwenye risasi za mbao. Kwa hiyo kwa upande wa klabu mimi ningepoteza kidogo. Kilichokuwa kikingoja kuniondolea bunduki ni karatasi ya mama, na Mzee Lowell alikuwa ameisaini kama shahidi.

Jumatatu tarehe 16, afande alikuja nyumbani saa moja na nusu asubuhi akachukua bunduki. Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa. Hilo ni la pili.

Siku hiyo hiyo, wakati wa mapumziko, nilifanya jaribio katika karakana ya shule. Sikupeleka bunduki wala risasi ya kweli. Nilichukua bomba la plastiki, nikazipaka chaki pua za zile risasi za mbao, nikazipanga ndani, na kuachia kipande cha chuma kiziangukie. Nilitaka kuona chaki inahamia wapi. Bomba likisimama wima bila kijiti, mara kumi, chaki ilionekana katikati ya mgongo wa risasi ya juu kabisa mara nane. Nilipotia kijiti, mara kumi, ilionekana mara moja, tena hafifu. Ya juu kabisa ndiyo ya kumi, na ya kumi ndiyo iliyopasuka. Afande amesema jaribio hili si ushahidi. Nimemwomba aliandike hata hivyo, naye ameliandika. Hajajibu swali langu kwa nini hata pua bapa ililipua. Mimi pia sijui. Nataka sana kujua.

Leo Jumanne sikuweza kusikiliza darasani. Kengele ya mwisho ilipolia nilikuja hapa.

Mama alipofika aliniita kwenye korido kabla hatujaanza. Nilidhani atanikataza. Alisema, "Jumamosi nilitoa vipande saba vya shaba kwenye kiganja cha Lowell. Hata mimi najua risasi ikipita mtutuni ganda linabaki ndani ya bunduki."

Nikamwuliza, "Ulijua tangu Jumamosi?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Nikamwambia. Hakusema kitu kuhusu karatasi. Lakini nimeona ameipitia nyumbani, iko ndani ya mkoba wake, imekunjwa mara mbili, na sumaku ya friji bado imeshika pembeni. Sijui amekuja nayo kwa ajili gani, na leo sikumwuliza.

Nikiulizwa kama kuna mtu aliyenishawishi kutoa maelezo haya, najibu kwamba hakuna. Nikiulizwa kama nataka Mzee Lowell aadhibiwe kwa kusema lisilo kweli kwa afande, najibu kwamba sitaki. Nadhani alifanya haraka, kama mtu anayedaka kitu kinachoanguka, akatumia mkono uliokuwa karibu.

Kisukumio nilikiachia mimi. Bunduki niliisimamisha mimi baada ya kuambiwa niiinamishe, na kijiti kilikuwa mfukoni mwangu. Mzee Lowell hakugusa kifyatulio. Nimekabidhi kijiti, na bahasha yenye kitambaa.

Nimesomewa yote, nimesahihisha mahali pawili, na sina la kuongeza ila swali moja ambalo naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya Ijumaa: je, kamati ikipata nakala ya maelezo haya, Mzee Lowell ataruhusiwa kuendelea kufundisha wanaoanza, hata kama mimi sitakuwa mmoja wao?

(Sahihi) Maren Haugdahl

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Naibu Sherifu D. Kittredge, mbele ya mama mzazi wa shahidi. Shahidi alisema kwa hiari yake. Vilivyopokelewa ni kijiti kimoja cha mbao kilichopakwa nta, na bahasha moja yenye kitambaa cha kusafishia mtutu. Nimekitazama kitambaa pande zote mbili chini ya taa, na nimeutazama mtutu wa bunduki iliyo katika stoo yetu. Vyote ni safi. Kiwashio kilichobaki kwenye kipande cha ganda la risasi ya kumi kina alama ya kugongwa na kitu bapa, si na nyundo ya bunduki.

Mama wa shahidi aliomba kalamu. Juu ya karatasi aliyokuja nayo alikata mstari mmoja, akaandika mwingine, akatia sahihi na kuiacha mezani mbele ya bintiye. Sikuisoma kwa kuwa si sehemu ya jalada.

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni nilimpigia simu Bwana Lowell Pruitt, nikamsomea sehemu ya kikombe na sehemu ya kitambaa, nikamwuliza kama anataka kubadilisha maelezo yake ya Jumamosi. Aliuliza kama kitambaa kilikuwa cheupe pande zote mbili. Nikamjibu kwamba ndivyo.

Akasema, "Basi aliisafisha vizuri. Nakuja kesho asubuhi."

Nakala inapelekwa kwa kamati ya klabu leo hii. Jibu la swali la shahidi litaandikwa kesho, nikishampokea Bwana Pruitt.

(Sahihi) D. Kittredge, Naibu Sherifu